Mgodi wa Kilembe ukifunguliwa tena, je, niuze shamba la kando ya Nyamwamba?

“Nimezaliwa Bukoba nikaolewa Kasese, Uganda. Tuna shamba lisilofika hata ekari moja kando ya mto Nyamwamba, chini ya Kilembe. Tunalima mchicha, maharage na muhogo. Mafuriko ya 2020 yalitumwagia mchanga wa rangi ya kutu, na sehemu hiyo mpaka leo haioti kitu. Sasa habari ni kwamba mgodi wa shaba unafunguliwa. Baba mkwe, aliyekuwa mchimbaji enzi zile, anasema neema imerudi. Jirani anasema tuuze haraka kabla sumu haijafika. Maji ya mto huwa nayachemsha kabla watoto hawajanywa. Nifanye nini: niuze, nibaki, au nijiunge na wanaopinga?”

Dada yangu, nianze na lile la haraka, kwa sababu haliwezi kusubiri mgodi. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kuhara, na kwa hilo umefanya vizuri. Ila madini hayafi kwa moto. Shaba, kobalti na manganizi vilivyoyeyuka ndani ya maji vinabaki sufuriani, na kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke, vinazidi kukolea kidogo. Dawa ya klorini nayo ni vivyo hivyo. Kwa maji ya kunywa na ya kupikia, tafuta bomba la maji ya mserereko, chemchemi iliyo upande usio na mabaki ya mgodi, au maji ya mvua kutoka bati safi, ukiacha yale ya dakika za mwanzo yapite na vumbi. Ya mto baki nayo kwa kufua na kuosha vyombo vya shambani. Siku ambayo hamna budi kuyatumia, yaacheni yatulie usiku kucha, myamimine taratibu bila kutibua tope, kisha ndipo myachemshe. Hapo madini yaliyoshikana na tope yatapungua, lakini yaliyoyeyuka yatabaki palepale.

Jirani yako anasema muuze kabla sumu haijafika. Sumu anayoisema ilishafika zamani, na mchanga ule wa rangi ya kutu ndio wenyewe. Kilembe ilianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, na uchimbaji ukasimama mwaka 1982. Mawe yake yalikuwa na shaba kiasi cha asilimia 2, maana yake kila kilo 100 zilizotolewa chini, karibu 98 zilikuwa taka. Mawe yalisagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na maji na dawa za kutoa povu, povu likabeba chembe za shaba. Hayo ndiyo makinikia, yaliyopakiwa kwenye treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Unga uliobaki ulimwagwa humohumo bondeni, kandokando ya mto. Watafiti waliopima bonde hilo wanataja zaidi ya tani milioni 15 za mabaki, na juu yake au jirani yake watu wamejenga nyumba, wamefungua shule na kulima bustani.

Kwa nini mabaki yaliyokaa zaidi ya miaka 40 yaendelee kuleta shida? Yana pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Pairaiti ikiwa imefungiwa ndani ya mwamba haina neno. Ukiisaga ikawa unga na kuiacha wazi, hewa na maji vinaigeuza kuwa asidi ya salfa na kutu, tena kuna bakteria wa asili wanaoiharakisha kazi hiyo mara nyingi. Asidi ile sasa inayeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki iliyobaki na kuipeleka mtoni. Kadiri pairaiti inavyokuwepo, hewa ikiingia na mvua ikinyesha, mtambo huo unajiendesha wenyewe bila mchimbaji hata mmoja. Ndiyo maana mgodi uliofungwa vibaya unaweza kuchafua mto kwa miongo mingi kuliko ule unaofanya kazi chini ya usimamizi.

Ushahidi mnao hapo hapo wilayani. Sehemu ya pairaiti yenye kobalti ilirundikwa Kasese, zaidi ya tani milioni moja, mgodi ulipokuwa hai. Mvua ziliiosha kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na ukanda mzima wa mimea ukafa ukabaki udongo mtupu. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kuchakata rundo hilo, ikawatumia bakteria haohao kwenye matangi kuyeyusha madini, ikauza kobalti kwa zaidi ya miaka kumi. Jambo hili nitalirudia, kwa maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kisha mto wenyewe. Nyamwamba unashuka kwa kasi kutoka Rwenzori, na ukifurika hubeba mawe makubwa kama magari. Mei 2013 ulibomoa, Mei 2020 ukarudi ukaifumua hospitali ya Kilembe. Kila mafuriko yanang'oa kingo za mabaki na kuyatandaza mashambani, halafu yanaendelea hadi kwenye maeneo oevu ya Ziwa George, ambako wavuvi wa Hamukungu na Kasenyi wanategemea samaki aina ya ngege. Hapo pana tofauti ambayo watu wengi hawaijui: shaba inawaumiza samaki kuliko inavyomuumiza binadamu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, ilhali vifaranga vya samaki wa aina nyingi hufa kwa chini ya sehemu ya kumi ya hapo, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi kama yanayotoka milimani. Kwa hiyo maji yanaweza kufaulu kipimo cha binadamu na bado yakaua mto. Mkiambiwa kwenye mkutano kwamba “maji yako ndani ya viwango,” ulizeni viwango vya nani.

Sasa nije kwa baba mkwe. Mheshimu, kwa sababu anachokikumbuka kilikuwepo. Mgodi ule uliajiri maelfu, ukawa na nyumba, hospitali, shule na umeme wake kutoka mto Mubuku. Tena ana haki kusema haukufungwa kwa kuisha mawe. Bei ya shaba duniani ilianguka katikati ya miaka ya 1970, nchi ikakosa fedha za kigeni na vipuri chini ya utawala wa Amin, mitambo ikachakaa, na chini ya ardhi yakabaki mawe yenye shaba yanayokadiriwa kuwa tani milioni 4 hivi. Ila ajira za enzi zake hazitarudi kwa idadi ile. Mgodi wa leo huajiri wengi wakati wa ujenzi, miaka miwili au mitatu, kisha mashine zinachukua nafasi na wanaobaki ni mafundi wenye vyeti. Kijana wenu akitaka kazi ya kudumu humo, asome ufundi wa umeme, mitambo au maabara kuanzia sasa. Wanaofaidika mapema zaidi mara nyingi ni wenye vyumba vya kupangisha na wauza chakula, na haohao ndio huumia kodi na bei vinapopanda kwa kila mtu.

Tena usiweke matumaini yote kwenye tangazo. Mwaka 2013 Kilembe ilikodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima kwa miaka 25, na kufikia 2017 serikali ilikuwa imeuvunja mkataba. Mwaka 2025 serikali iliingia makubaliano mapya ya kugawana uzalishaji na muungano unaoongozwa na Sarrai Group. Kati ya saini na tani ya kwanza ya shaba kuna kazi ya miaka. Mahandaki ya chini yamejaa maji na lazima yatolewe, na swali langu la kwanza kama ningekuwa mkazi lingekuwa hilo: maji yale yakivutwa yanakwenda wapi? Maji yaliyokaa miongo ndani ya mwamba wenye pairaiti hayafai kuelekezwa mtoni jinsi yalivyo. Yanatakiwa yapite kwanza kwenye mabwawa ya kuyatibu kwa chokaa, asidi ipungue na madini yazame, tope lake lihifadhiwe. Hatua hii huja kabla ya uchimbaji wenyewe, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuweza kuwadhuru, na wananchi wengi huwa hawajaanza hata kuuliza.

Hatari ya pili ni mahali pa kuweka mabaki mapya. Bonde la Kilembe ni jembamba, lina mto mkorofi, na liko katika ukanda wa Bonde la Ufa unaotikiswa na matetemeko. Watanzania wanakumbuka Mwadui, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi lilipopasuka na kufunika nyumba na mashamba. Zambia nayo, Februari 2025, bwawa la mabaki ya shaba karibu na Chambishi lilipasuka, tope la asidi likafika mto Kafue, na jiji la Kitwe likafungiwa maji. Mtu akiwaambia bwawa litajengwa bondeni juu ya makazi, hilo kwangu ni jambo la kukataa waziwazi. Kuna njia nyingine, kama kuyakamua maji mabaki yawe makavu na kuyarundika mbali na mto, au kuyachanganya na saruji na kuyarudisha kwenye mahandaki matupu. Ni ghali zaidi, na ndiyo sababu hazitatajwa msipouliza.

Je, mpinge kabisa? Naiheshimu hoja hiyo, na huko Bougainville, kisiwa kilicho upande wa Papua New Guinea, ina uzito wa damu. Mgodi wa shaba wa Panguna ulifanya kazi kuanzia 1972 hadi 1989, ukamwaga zaidi ya tani bilioni moja za taka kwenye mito ya Kawerong na Jaba, hasira zikazaa vita, na hadi leo wanajadili kuufungua huku mchanga ukiwa bado unaziba mito. Lakini kupinga kwa Kilembe kuna upungufu wake: mgodi ukibaki umefungwa, tani milioni 15 zinabaki pale pale, na hakuna mwenye fedha anayejitokeza kuziondoa. Kasese Cobalt walionyesha kwamba taka inaweza kuchakatwa ikatoa kobalti ya kuuza, ingawa nao waliacha mabaki ya aina nyingine yanayohitaji kutunzwa. Maoni yangu ni kwamba kufungua kunaweza kukubalika ikiwa tu kusafisha mabaki ya zamani kumeandikwa ndani ya mkataba na kibali, na dhamana ya fedha ya kurudisha mazingira imewekwa mbele, kabla ya uchimbaji. Ahadi ya kwamba yatasafishwa “baadaye, faida ikipatikana” haina thamani, kwa kuwa bei ya shaba ikianguka kampuni huondoka na tope hubaki.

Hapa ndipo penye mtego ambao ningependa ukae nao sana kichwani. Mwekezaji mpya atasema uchafu wa zamani si wake, na kwa kiasi fulani atakuwa mkweli. Uchafu mpya ukija, atasema vilevile. Atakayeshinda mabishano hayo ni mwenye vipimo vya hali ilivyokuwa kabla ya kazi kuanza. Kampuni itapima, kwa sababu sheria inataka na kwa sababu vipimo vinailinda yenyewe. Lakini kipimo kina majira yake. Wakati wa kiangazi asidi hukauka juu ya mabaki ikawa chumvi nyeupe na za kijani, na mvua za mwanzo, karibu na Machi na tena karibu na Agosti, huziosha zote mara moja. Siku hizo mto unaweza kuwa na madini mara kadhaa kuliko wiki mbili baadaye. Mtu akichota sampuli siku moja na kuiita “hali ya awali,” atakuwa amepata jibu la siku hiyo tu. Daini vipimo vya mwaka mzima, vikiwemo vya mvua za mwanzo, maji, udongo, mboga na samaki, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wilayani.

Nanyi wenyewe anzeni sasa. Piga picha za shamba zenye tarehe: sehemu inayoota, sehemu isiyoota, kingo za mto, kisima, miti. Unganeni kaya kumi au zaidi mchangie kupima maji na udongo, kwani kwa mtu mmoja gharama inauma. Maji yanaweza kupelekwa maabara ya taifa ya ubora wa maji Entebbe, na udongo kituo cha utafiti cha Kawanda. Wapigieni kwanza wawaambie chupa gani na namna ya kuchota, maana sampuli ya madini iliyochotwa ovyo haina maana mahakamani. Baba mkwe naye ana kazi hapa: wachimbaji wa zamani wanajua mabomba yalipopita, mashimo ya hewa yalipo, na wapi mabaki yalifukiwa kisha pakaota nyasi. Mkae naye na ramani mchore, mapema, wakati wazee wenzake wangalipo wa kusahihishana.

Kuhusu shamba lenyewe, mambo si mabaya yote. Ile sehemu ya mchanga wa kutu iacheni, msilime chakula, na msiuchote kwa kujengea wala kusiliba sakafu. Pandeni nyasi au miti ya kuni ikikubali, ili upepo usipeperushe vumbi. Sehemu inayoota, mpunguze uchachu wa udongo kwa chokaa ya kilimo na samadi nyingi, kwa kuwa udongo ukiwa mchachu mmea hunyonya madini zaidi. Muhokya wanachoma chokaa, hamko mbali, ila chokaa iliyochomwa ni kali kuliko ile ya mawe yaliyosagwa tu, kwa hiyo mwulizeni bwana shamba kiasi. Mboga za majani ndizo zinazobeba madini mengi kuliko mbegu, basi mchicha, dodo kama mnavyouita huko, uhamishie mbali na mto, na karibu na mto weka maharage au mahindi. Osha mboga vizuri na menya muhogo, maana sehemu kubwa ya uchafu ni vumbi la juu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Mjamzito mwenye hamu ya kula udongo asile wa bonde hilo hata kidogo.

Kuuza? Nisingeuza kwa hofu ya jirani, na nisingeuza kwa dalali anayekuja na pesa taslimu wakati huu wa uvumi. Katiba ya Uganda inaweka madini mikononi mwa serikali, lakini ardhi ni yenu, na inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla mtu hajaondolewa. Mrabaha wa madini nao una fungu dogo la mwenye ardhi panapochimbwa, ingawa mashamba ya chini ya mto kama lenu yanaweza kuwa nje ya hesabu hiyo. Upande wa pili wa mizani ni mto. Ikiwa nyumba ya kulala iko mahali ambapo maji ya 2020 yalifika, hilo ndilo sababu ya kuhama, mgodi ufunguliwe usifunguliwe. Hameni kulala, mkibaki na shamba. Kama hamna hati, fuatilieni cheti cha umiliki wa kimila sasa. Mwenye karatasi huitwa mezani, asiye nayo husimuliwa.

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ikitoka, ni haki yenu kuisoma kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au wilaya, na kutoa maoni. Ni kitabu kinene cha Kiingereza, kwa hiyo nendeni moja kwa moja kwenye sura za maji, mabaki, fidia na kufunga mgodi. Ombeni mkutano ufanyike Bulembia, huko huko upande wa Kilembe, siku isiyo ya soko, na maelezo yatolewe kwa Lukonzo, lugha ya wenyeji. Kama kutakuwa na kiwanda cha kuyeyushia huko huko, ulizeni kuhusu moshi wa salfa, maana enzi zile moshi huo ulibaki Jinja.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Mkiletewa fomu ya fidia, msitie saini siku hiyo wala kuacha bila nakala. Nendeni kwanza kwa mwanasheria au shirika la msaada wa sheria Kasese, na mhakikishe miti, mazao na majengo yote yamehesabiwa mkiwepo. Kwa afya, mtoto anayeharisha bondeni mara nyingi ana vijidudu, atibiwe kama kawaida. Lakini kichefuchefu na maumivu ya tumbo yanayorudi kila mnapotumia maji ya chanzo kimoja, maji yenye ladha ya chuma au yanayoacha alama ya kijani kwenye beseni, au vidonda vya ngozi visivyopona, acheni chanzo hicho leo hii na mwende kituo cha afya. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mnaishi juu ya mabaki ya mgodi, kwani hataliwazia mwenyewe. Vituo vidogo havina kipimo cha madini mwilini, hivyo atahitaji kuandika rufaa ya hospitali kubwa. Na wale wanaopita na chupa za “kusafisha damu ya sumu,” wapite na chupa zao.